Maneno ya Dereva na Vipimo vya Fundi: Utambuzi wa Hitilafu za Giaboksi Otomatiki na Upungufu wa Nguvu ya Gari katika Eneo la Mikumi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua utaratibu wa kutambua chanzo cha tatizo pale gari lenye giaboksi otomatiki linapokosa nguvu ya kuongeza mwendo. Muktadha wake ni Mikumi, wilayani Kilosa, mahali ambapo Barabara Kuu ya Tanzania na Zambia hupita kati ya hifadhi ya wanyama na kuelekea miinuko ya Iringa. Hoja kuu ni kwamba kauli moja ya dereva, “gari halichanganyi,” hubeba angalau hali tatu tofauti za kimakanika: giaboksi inayoteleza, injini isiyo na nguvu, na giaboksi iliyojifunga katika gia moja ili kujilinda. Hali hizo hutenganishwa kwa maswali sahihi na vipimo vichache visivyohitaji kufungua giaboksi. Makala yanaonyesha kwamba kuruka hatua hizo humfanya mwenye gari anunue giaboksi asiyoihitaji, na wakati mwingine huhatarisha maisha ya abiria.

1.0 Utangulizi

Magari mengi madogo yanayotumika Tanzania huingizwa nchini kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Sehemu kubwa ya magari hayo yana giaboksi otomatiki. Kwa hiyo, ufundi uliojengwa kwa miaka mingi juu ya giaboksi za kukanyaga klachi umelazimika kukabiliana na chombo cha aina nyingine. Katika giaboksi ya kawaida fundi huweza kuhisi hitilafu kwa mkono na mguu: klachi iliyokwisha huonekana, gia isiyoingia hugoma. Katika giaboksi otomatiki uamuzi wa kubadili gia hufanywa na shinikizo la mafuta, valvu na kompyuta, na dalili zake humfikia dereva zikiwa zimechanganyika na dalili za injini.

Mchanganyiko huo ndio tatizo linaloshughulikiwa hapa. Mwenye gari anapofika gereji na kusema kwamba gari limekosa nguvu, jibu jepesi ni kwamba giaboksi imekufa. Jibu hilo lina gharama. Kununua giaboksi ya mtumba, kuishusha ya zamani na kuipandisha nyingine ni miongoni mwa matengenezo ghali kuliko yote kwa gari dogo, na giaboksi hiyo ya pili nayo haijulikani historia yake. Iwapo chanzo kilikuwa masega ya ekzosi yaliyoziba au mafuta ya giaboksi yaliyopungua, gharama hiyo hupotea bure na tatizo hubaki palepale.

2.0 Mikumi na mzigo wake kwa gari

Mazingira ya Mikumi yana sifa tatu zinazohusiana moja kwa moja na mada hii. Ya kwanza ni hifadhi. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu huikata kwa umbali wa takriban kilometa 50. Humo mna vikomo vya mwendo na matuta kwa ajili ya kulinda wanyama. Dereva hupunguza mwendo, huvuka tuta, huongeza mwendo, kisha hupunguza tena. Kwa giaboksi hiyo ni kazi ya kupanda na kushuka kati ya gia ya kwanza, ya pili na ya tatu mara nyingi kwa muda mfupi, na ndiyo kazi inayodhihirisha haraka klachi za ndani zilizochakaa. Aidha, gari likigoma humo, abiria hawawezi kushuka na kusukuma kama wangefanya kwingineko. Tembo, nyati na simba si majirani wa kuzoeleka.

Sifa ya pili ni miinuko. Mji wa Mikumi upo takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari. Barabara hupita bonde la mibuyu na Ruaha Mbuyuni, kisha hupanda Mlima Kitonga kuelekea Iringa, mji ulio juu ya mita 1,500. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu yake kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa kuwa hewa huwa nyepesi zaidi. Hivyo, gari zima kabisa litakuwa dhaifu kidogo Iringa kuliko lilivyokuwa Mikumi. Fundi asiyezingatia jambo hilo huweza kuona ugonjwa pasipo ugonjwa.

Sifa ya tatu ni maji na vumbi. Ukanda wa Kilosa unajulikana kwa mafuriko. Yale ya Mto Mkondoa ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 yaliharibu hata njia ya Reli ya Kati. Giaboksi ina tundu la kupumulia. Gari likizama katika maji kupita kiasi, maji huweza kuingia kwa tundu hilo na kuchanganyika na mafuta. Wakati wa kiangazi vumbi la barabara za pembezoni huziba chujio la hewa la injini mapema kuliko muda uliopangwa na mtengenezaji.

3.0 Jinsi giaboksi otomatiki inavyofanya kazi

Utambuzi hauwezekani bila kuelewa njia inayopitiwa na nguvu. Kati ya injini na giaboksi hakuna klachi ya kukanyaga, bali kuna chombo kilichojaa mafuta ambacho mafundi hukiita toki konveta. Msingi wake uliwekwa na Mjerumani Hermann Föttinger, aliyepata hataza mwaka 1905. Upande mmoja wa chombo huzungushwa na injini na kuyarusha mafuta; upande wa pili hupokea msukumo wa mafuta hayo na kuuzungusha mhimili wa giaboksi. Kati yao kuna gurudumu la tatu linaloyaelekeza upya mafuta yanayorudi. Gurudumu hilo ndilo linaloongeza nguvu ya mzunguko gari linapoondoka, kwa kawaida hadi kukaribia mara mbili. Mwendo ukishatulia, klachi ndogo iliyo ndani hufunga pande zote mbili ili mafuta yasiendelee kupoteza nguvu kwa joto.

Baada ya hapo kuna seti za gia za sayari, ambamo gia ndogo huzunguka gia ya katikati. Gia hizi hazisogezwi. Uwiano hubadilika kwa kubana au kuachia klachi za sahani na mikanda, na kinachobana ni shinikizo la mafuta litokalo katika pampu. Valvu bodi hugawa mafuta hayo, na solenoidi, yaani valvu zinazofunguliwa kwa umeme, hupokea amri ya kompyuta. Kompyuta nayo husikiliza vihisi: kasi ya mhimili wa kuingilia, kasi ya mhimili wa kutokea, joto la mafuta, na kiasi ambacho mlango wa hewa wa injini umefunguka.

Maelezo haya yanaleta matokeo mawili. Kwanza, mafuta ya giaboksi hayalainishi tu. Ndiyo mkono unaobana gia. Yakipungua au yakiharibika, gia huteleza hata kama vyuma vyote ni vizima. Pili, kihisi cha injini kikitoa taarifa ya uongo, giaboksi nzima hubadili gia vibaya pasipo kuwa na kosa lolote ndani yake.

Zipo pia giaboksi za aina ya CVT, zisizo na gia za hatua. Hutumia mkanda wa chuma kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Katika aina hii mizunguko ya injini huweza kupanda kabla ya mwendo kupanda, na hilo kwa kiasi fulani ni tabia ya kawaida. Dereva aliyezoea giaboksi ya hatua hulitafsiri kuwa ni kuteleza.

4.0 Maneno ya dereva kama ushahidi

Kiswahili cha barabarani kina msamiati mpana wa kueleza hali ya gari, na msamiati huo una taarifa za kiufundi ndani yake. Ugumu ni kwamba maneno hayo hutumiwa kwa kubadilishana. Jukumu la fundi ni kuyapeleka kwenye swali moja: dereva alipokanyaga mafuta, mshale wa mizunguko ya injini ulifanya nini?

“Linanguruma lakini haliendi.” Mshale hupanda, mwendo haupandi. Nguvu ipo ndani ya injini lakini haifiki kwenye magurudumu. Hii ni dalili ya kuteleza, na uchunguzi huelekezwa kwenye mafuta ya giaboksi, shinikizo na klachi za ndani.

“Gari zito, halivuti.” Mshale haupandi au hupanda polepole. Giaboksi imeshika, ila injini haina cha kutoa. Uchunguzi huelekezwa kwenye hewa, mafuta ya petroli, moto wa plagi, ekzosi, na pia breki zinazobana.

“Linaondoka kwa shida, likishachanganya linaenda vizuri.” Kauli hii ina maana mbili. Huenda giaboksi imejifunga katika gia ya juu, kwa mfano ya tatu, kwa sababu kompyuta imegundua kosa na kuamua kuilinda. Huenda pia gurudumu la kati la toki konveta halishiki, kwa hiyo nguvu haiongezwi wakati wa kuondoka.

“Linashtuka” au “gia inagonga.” Hapa shinikizo ni kubwa mno wakati wa kubadili gia, solenoidi imekwama, au maunti za injini zimekatika na kuufanya mtikisiko wa kawaida uonekane mkubwa.

“Linamisi.” Neno hili limetoholewa na kuzoeleka, na humaanisha silinda moja au zaidi haichomi sawasawa. Wakati mwingine mtetemo wa toki konveta inapojaribu kujifunga hudhaniwa kuwa misi. Tofauti ni kwamba mtetemo wa kujifunga hutoweka dereva anapogusa kidogo kanyagio la breki, kwa kuwa mguso huo huifungua klachi ile ndogo.

Maswali ya nyongeza ni lini tatizo hutokea: injini ikiwa baridi au ya moto, mlimani au tambarare, baada ya kuongeza mafuta, baada ya kupita kwenye maji, au baada ya kubadilishwa kwa mafuta ya giaboksi. Jibu la swali hilo la mwisho hufichua mengi kuliko inavyodhaniwa.

5.0 Hatua za utambuzi

5.1 Mafuta ya giaboksi

Kazi huanzia kwenye mafuta ya giaboksi. Katika giaboksi yenye kijiti, kipimo huchukuliwa gari likiwa tambarare, injini ikiunguruma na mafuta yakiwa na joto la takriban nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi, baada ya kupitisha mkono wa gia katika nafasi zote na kuurudisha P. Kupima injini ikiwa baridi au imezimwa hutoa jibu lisilo sahihi. Giaboksi nyingi za karibuni hazina kijiti. Kiwango chake hupimwa kwa kufungua bolti ya kufurikia chini ya giaboksi katika joto lililotajwa na mtengenezaji.

Rangi na harufu nazo husomwa. Mafuta mengi ya aina hii huwa mekundu yakiwa mapya. Yakiwa ya hudhurungi na yenye harufu ya kuungua, klachi zimeteleza na kupata joto. Yakiwa kama maziwa ya waridi, maji yameingia, ama kwa tundu la kupumulia, ama ndani ya rejeta ambako mafuta ya giaboksi hupozwa. Kulipuuza jambo hilo huiua giaboksi kwa muda mfupi.

Aina ya mafuta ni suala la pekee. Katika gereji nyingi kila mafuta mekundu huitwa haidroliki, na jina hilo moja huficha tofauti kubwa. Giaboksi ya Toyota iliyoandikiwa T-IV, ile ya WS, na ile ya CVT hazikubali mafuta yaleyale. Mafuta yasiyofaa hubadili msuguano wa klachi, na katika CVT huweza kuufanya mkanda uteleze na kujikwangua.

5.2 Kusoma kumbukumbu ya kompyuta

Mfumo wa OBD-II, uliolazimishwa Marekani kwa magari ya kuanzia mwaka wa modeli 1996, huhifadhi namba za makosa. P0700 husema tu kwamba kompyuta ya giaboksi ina taarifa ya kutoa. P0715 na P0720 huhusu vihisi vya kasi ya kuingilia na ya kutokea. P0730 humaanisha uwiano wa gia si ule uliotarajiwa. P0741 huhusu klachi ya kujifunga ya toki konveta, na P0750 huhusu solenoidi ya kwanza ya kubadilishia gia. Kwa upande wa injini, P0171 ni mchanganyiko wenye hewa nyingi, P0300 ni misi ya silinda zisizobainishwa, na P0420 ni udhaifu wa masega ya ekzosi.

Namba si hukumu. P0720 haisemi kwamba kihisi kimekufa. Huenda waya umekatika au kiungio kimeshika kutu baada ya kulowa. Aidha, magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayajibu kila mara mashine ya kawaida ya kusomea, na katika Toyota nyingi taa ya O/D OFF inayowakawaka ndiyo ishara pekee anayoipata dereva.

5.3 Kipimo cha muda wa kushika

Injini ikiwa na joto na ikiunguruma taratibu, breki zikiwa zimekanyagwa, mkono wa gia hupelekwa kutoka N kwenda D, na muda hadi mshtuko mdogo wa kushika hupimwa. Kwa giaboksi nyingi za Toyota muda huo hautakiwi kuzidi sekunde 1.2, na kutoka N kwenda R sekunde 1.5. Kuchelewa katika nafasi zote mbili huashiria shinikizo dogo la jumla. Kuchelewa katika moja huashiria klachi ya nafasi hiyo.

5.4 Kipimo cha kukabana

Kipimo hiki hutenganisha injini na giaboksi kwa uwazi. Magurudumu huwekewa vizuizi, breki ya mkono na ya mguu hukazwa, mkono wa gia huwekwa D, kisha kanyagio la mafuta hukanyagwa hadi mwisho kwa muda usiozidi sekunde 5. Mizunguko ya juu kabisa huandikwa na kulinganishwa na ile ya kitabu cha gari. Baada ya giaboksi kupozwa katika N, kipimo hurudiwa katika R.

Mizunguko ikiwa chini ya kiwango katika D na R, injini ni dhaifu au gurudumu la kati la toki konveta halishiki. Ikiwa juu ya kiwango katika zote mbili, shinikizo ni dogo au mafuta yamepungua. Ikiwa juu katika D pekee, klachi ya kwenda mbele inateleza. Ikiwa juu katika R pekee, ni ile ya kurudi nyuma. Kipimo hiki hakifanywi kwa gari lenye breki mbovu, kwa mafuta yenye harufu ya kuungua, wala kwa CVT ambayo mtengenezaji wake hakukiruhusu.

5.5 Upande wa injini

Iwapo ushahidi unaelekea injini, fundi huanza na vitu rahisi: chujio la hewa, plagi na koili, chujio na pampu ya mafuta, usafi wa mlango wa hewa. Ubora wa petroli nao huulizwa. Tatizo la uchakachuaji lilikuwa kubwa kiasi cha EWURA kuanzisha mwaka 2010 utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta. Gari huwekwa N mahali tambarare na kusukumwa. Lisiposogea kwa urahisi, au gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine, breki inabana na giaboksi haina hatia.

Masega yaliyoziba hutambuliwa kwa geji ya mvuto wa hewa. Injini nzima kwenye usawa wa bahari huonyesha takriban inchi 17 hadi 21 za zebaki ikiunguruma taratibu, na kiwango hupungua kwa takriban inchi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa hiyo, Mikumi hutarajiwa kusoma pungufu kwa karibu inchi moja na nusu. Mizunguko ikishikiliwa 2,500 na mshale wa geji ukaendelea kushuka polepole, moshi hauna pa kutokea.

6.0 Mfano wa kufuata hoja

Ichukuliwe Noah ya abiria ambayo dereva wake anasema haipandi mlima tangu wiki iliyopita. Fundi wa kwanza anapendekeza giaboksi. Fundi wa pili anauliza kuhusu mshale, na jibu ni kwamba hauvuki 3,000 mlimani hata mafuta yakikanyagwa hadi mwisho. Swali hilo peke yake limeondoa kuteleza kwenye orodha. Mafuta ya giaboksi ni mekundu na yamefika alama. Muda wa kushika ni wa kawaida. Kipimo cha kukabana kinaonyesha mizunguko ya chini katika D na R kwa kiasi kilekile, na mkono wa gia ukiwekwa L gari halipati nafuu, hivyo giaboksi haijajifunga katika gia ya juu. Yamebaki mambo mawili: injini au gurudumu la kati la toki konveta. Lakini gurudumu lisiloshika hudhoofisha kuondoka na si mwendo wa juu, ilhali gari hili ni dhaifu hata likiwa kwenye mwendo. Imebaki injini. Geji ya mvuto inashuka mizunguko ikishikiliwa, na mrija wa ekzosi ukilegezwa mbele ya masega, nguvu inarudi.

Fundi wa kwanza angeweza kushusha giaboksi nzima, kuweka nyingine, na gari likarudi likiwa zito vilevile. Hata hivyo, kazi ya fundi wa pili haiishii hapo. Masega huziba kwa sababu, na mara nyingi sababu ni misi iliyoachwa muda mrefu au oili inayoungua. Asipoitafuta, masega mapya yataziba pia.

7.0 Usalama na mafunzo

Gharama ya utambuzi mbaya si ya fedha pekee. Katika mteremko wa Kitonga dereva hutegemea gia nzito ili injini isaidie kulizuia gari. Giaboksi ambayo klachi zake zinateleza haiwezi kutoa msaada huo kikamilifu. Mzigo wote huhamia kwenye breki, nazo zikipata joto kupita kiasi huacha kushika. Kinyume chake, gari lisilo na nguvu linalojaribu kulipita lori kwenye mpando hubaki upande wa kulia wa barabara kwa muda mrefu kuliko dereva alivyokadiria. Hitilafu mbili zilizoelezwa kwa kauli moja huua kwa namna mbili tofauti.

Suala hili linagusa pia mafunzo. Mikumi ina chuo cha ufundi stadi cha VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Hata hivyo, vitabu vingi vya watengenezaji wa magari vimeandikwa kwa Kiingereza au Kijapani, ilhali malalamiko ya wateja hutolewa kwa Kiswahili. Fundi husimama kati ya lugha hizo. Orodha ya kauli za madereva iliyopangwa pamoja na dalili na vipimo vyake ingefaa kuwa sehemu ya zana za kufundishia, kwa kuwa istilahi zinazozaliwa gereji, kama vile masega, kuchanganya na misi, tayari zina maana thabiti kwa watumiaji wake.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba kukosa nguvu kwa gari lenye giaboksi otomatiki si ugonjwa mmoja. Mshale wa mizunguko hugawa njia. Mafuta ya giaboksi, kumbukumbu ya kompyuta, muda wa kushika na kipimo cha kukabana huithibitisha. Na mwinuko wa mahali huzingatiwa kabla ya kutoa uamuzi. Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo kinachohitaji giaboksi ishushwe. Kwa hiyo, kuishusha kunapaswa kuwa hatua ya mwisho, itakayochukuliwa baada ya fundi kuweza kumweleza mwenye gari, kwa lugha aliyokuja nayo, ni kipimo gani kilichoihukumu.